Kukusanya chapa za Kijapani za majira ya mapukutiko: soma nyekundu kabla ya kutoa pesa

Kwanza tukubaliane maneno. Majira ambayo Wajapani huyaita aki hatutayaita vuli, maana vuli ya Pwani ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wala hakuna jani linalogeuka jekundu. Tutasema mapukutiko. Na chapa hapa ni picha iliyopigwa kwa mkono kutoka kwenye vibao vya mti wa cheri. Mchoraji hutoa mchoro, mchongaji huubandika kwenye kibao na kuuchonga, mpiga chapa hupaka rangi ya maji na kuisugua karatasi juu yake kwa baren, kisugulio kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Mchapishaji ndiye anayegharamia kazi yote na kuuza. Mistari ina kibao chake, na kila rangi ina chake.

Chapa za mapukutiko ni tamu kukusanya, na ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu uzuri wake umekaa kwenye rangi zilezile zinazokufa mapema: nyekundu ya majani, zambarau ya machweo, njano ya nyasi. Chapa ya theluji ikipauka bado ni theluji. Chapa ya majani mekundu ikipauka unabaki na mti mgonjwa. Basi karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye swali moja: hii nyekundu ni ya lini, na imepitia nini?

Hatua ya 1: Chagua shamba dogo

Anayenunua kila chenye majani mekundu humaliza fedha kabla hajajifunza lolote. Chagua moja kati ya haya matatu.

La kwanza ni mandhari za karne ya 19, hasa za Utagawa Hiroshige (1797–1858). Mfululizo wake wa Mandhari Mia Mashuhuri za Edo (Tokyo ya leo), uliotolewa na Uoya Eikichi kuanzia 1856, umepangwa kwa majira, na sehemu ya mapukutiko inajitosheleza kuwa mkusanyiko. Hapa utapata chapa kongwe, lakini nyingi zimechoka, na nakala zilizochongwa upya baadaye ni nyingi kupita kiasi.

La pili ni mwezi. Katika ushairi wa Kijapani, ukitajwa mwezi bila neno jingine la majira, ni mwezi wa mapukutiko. Tsukioka Yoshitoshi (1839–1892) alitoa picha mia moja za mwezi kati ya 1885 na 1892. Ni chapa za watu na hadithi kuliko mandhari, na ufundi wa kupiga chapa ndani yake ni wa hali ya juu: vitambaa vilivyobonyezwa bila wino, weusi uliosuguliwa ukang'aa.

La tatu ni shin-hanga, yaani chapa mpya za karne ya 20: Kawase Hasui (1883–1957), Yoshida Hiroshi (1876–1950), Ohara Koson (1877–1945), Tsuchiya Koitsu (1870–1949). Kwa anayeanza, hapa ndipo pa kuingilia. Karatasi bado ina nguvu, rangi nyingi zipo, kumbukumbu zimeandikwa vizuri, na ndege au bata bukini wa Koson bado hupatikana kwa bei asiyoiona mtu kwa Hiroshige mwenye hali nzuri.

Ukitaka uzi wa kuunganisha shamba la kwanza na la tatu, fuata mahali badala ya mchoraji. Mahali paitwapo Mama, panapoonekana kwenye chapa ya Hiroshige ya momiji (majani mekundu) na hekalu la Tekona, leo ni sehemu ya mji wa Ichikawa, mkoa wa Chiba. Hasui naye alitoa chapa ya mwisho wa mapukutiko huko Ichikawa mwaka 1930. Chapa mbili, mji mmoja, zaidi ya miaka 70 kati yake: mkusanyiko wa namna hiyo una sababu ya kuwepo.

Hatua ya 2: Hakikisha kweli ni mapukutiko

Wauzaji huandika "mapukutiko" kwenye chochote chenye wekundu. Arashiyama ya Kyoto, kwa mfano, inasifika kwa maua ya cheri na kwa majani mekundu pia, na chapa ya maua iliyobadilika rangi inaweza kukupoteza. Angalia jani lenyewe. Momiji ni jani la ncha tano hadi saba, kama kiganja kilichokunjuliwa. Ua la cheri lina petali tano zenye pengo dogo kwenye ncha.

Alama nyingine za majira haya: nyasi ndefu za susuki zenye mashuke meupe, vijiua vya hagi vinavyoinama, kiku yenye petali nyingi, bata bukini wanaoshuka kwa mstari angani, paa chini ya momiji, na mwezi mpevu. Jifunze herufi chache tu: 秋 (aki, mapukutiko), 紅葉 (momiji), 月 (mwezi), 雁 (bata bukini), 菊 (kiku), 晩秋 (mwisho wa mapukutiko). Ukizitambua kwenye kisanduku cha jina la picha, humhitaji muuzaji akutafsirie.

Fuji Jekundu la Hokusai wengi huliweka hapa. Mlima ule huwa mwekundu alfajiri mwishoni mwa kiangazi na mwanzo wa mapukutiko, kwa hiyo si kosa, ila usilipie zaidi kwa sababu ya neno hilo.

Hatua ya 3: Soma mihuri, kisha usiiamini yote

Hadi miaka ya 1870 chapa zilipita kwa mkaguzi wa serikali, naye aliacha muhuri. Hiyo ndiyo saa ya mkusanyaji:

- Muhuri mmoja wa mviringo usomekao 極 (kiwame): takriban 1790 hadi 1842.
- Muhuri wa jina la mkaguzi mmoja: 1842 hadi 1846. Ikiwa ni majina mawili: 1847 hadi 1852.
- Muhuri 改 (aratame) pamoja na muhuri wa mwaka na mwezi: mwisho wa 1853 hadi 1857.
- Mwaka na mwezi peke yake: 1858.
- Aratame na tarehe ndani ya muhuri mmoja: 1859 hadi 1871.

Mwaka huandikwa kwa mnyama wa mzunguko wa miaka 12. Kwa Mandhari Mia, herufi tatu zinatosha: 辰 joka ni 1856, 巳 nyoka ni 1857, 午 farasi ni 1858.

Hapo wengi huteleza mara mbili. Mtelezo wa kwanza: mwezi ulio kwenye muhuri ni mwezi wa ukaguzi, si majira ya picha. Momiji za Mama zina muhuri wa mwezi wa kwanza wa mwaka wa nyoka, 1857, na picha yenyewe ni mapukutiko matupu. Tena kalenda yao ilikuwa ya mwandamo, na mapukutiko yalihesabiwa mwezi wa saba hadi wa tisa. Kwa hiyo usipange chapa zako kwa muhuri ukadhani umezipanga kwa majira.

Mtelezo wa pili ndio unaogharimu: tarehe imechongwa kwenye kibao. Chapa ya Hasui ya mapukutiko ya Oirase ina 昭和八年, mwaka wa 8 wa Showa, yaani 1933. Kibao hicho kikipigwa tena miaka mingi baadaye, kitatoa 昭和八年 ileile. Tarehe inakwambia mchoro ulichongwa lini. Nakala iliyo mkononi mwako ilipigwa lini ni swali jingine, na bei inafuata swali hilo la pili.

Kugeuza miaka ya wafalme ni hesabu ya kujumlisha: Meiji ongeza 1867, Taisho ongeza 1911, Showa ongeza 1925. Tarakimu ni 一 二 三 四 五 六 七 八 九 十.

Mihuri ya pambizoni hupotea kirahisi. Wamiliki wa zamani walikata pambizo ili chapa ziingie kwenye albamu au fremu, na mihuri ya ukaguzi na ya mchapishaji ikaenda na vipande. Pima: karatasi ya oban ni kama sentimita 39 kwa 26, chuban kama 26 kwa 19. Chapa ya oban yenye sentimita 34 kwa 22 imekatwa, hata kama muuzaji hakusema neno.

Hatua ya 4: Ikague nyekundu

Hapa usiwe na haraka. Kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, chukua lenzi ya kukuza mara 10, na uianze chapa kwa majani yake.

Kwanza tafuta nukta. Ukiona nukta ndogo zilizopangwa kwa safu, hiyo ni picha ya mashine. Imalize hapo, mrudishie mwenyewe. Rangi iliyopigwa kwa kibao huwa tandiko moja lililozama ndani ya nyuzi za karatasi, pengine lenye madoa madogo ya uji wa mchele uliochanganywa na rangi.

Sasa jiulize nyekundu gani. Katika chapa za kale utakutana na hizi:

Beni hutoka kwenye maua ya kartamu. Ikiwa hai ni waridi inayong'aa. Mwanga huiua: inapita kwenye rangi ya ngozi hadi kufikia chai ya maziwa. Ndiyo iliyotumika pia kutengeneza zambarau, ikichanganywa na buluu, kwa hiyo machweo ya zambarau yaliyobaki kijivujivu mara nyingi ni beni iliyokufa.

Tan ni rangi ya risasi, nyekundu yenye uchungwa. Hii haipauki, inageuka nyeusi. Salfa ya hewani huibadilisha, kwa kawaida kuanzia kingoni, na jani linakuwa kahawia nzito lenye mng'ao wa chuma ukiliinamisha kwenye mwanga. Mgeni hudhani ni uchafu na kutaka kulisafisha. Usiguse. Wako wakusanyaji wanaoupenda weusi huo, na kwa jani lililokauka hauna ubaya. Ila ukitanda hadi kwenye anga, punguza bei.

Bengara ni udongo wa chuma. Haina mng'ao, ni kama tofali, na haibadiliki. Ukiona majani yote yamepauka lakini ukuta wa hekalu umebaki mwekundu wa tofali, ujue ukuta ni bengara na majani yalikuwa beni. Kwa hiyo ukuta mzuri si ushahidi kwamba chapa haikupigwa jua.

Kuanzia miaka ya 1860 rangi za kiwandani kutoka Ulaya ziliingia: nyekundu kali na zambarau zinazopiga kelele, ambazo hupenya hadi mgongoni na kukimbia zikiguswa na maji. Kwa Yoshitoshi ni halali kabisa. Kwenye chapa inayodaiwa kupigwa mwaka 1857 ni shtaka: ama ni nakala ya baadaye, ama mtu amepaka upya kwa brashi. Kupaka upya hutambulika kwa lenzi: rangi inavuka mstari wa jani, au imekaa juu ya nyuzi badala ya kuzama, na mgongo wa karatasi hauna dalili yake.

Mgongo ni shahidi mzuri kuliko uso. Rangi iliyopenya wakati wa kupiga ilijificha mwanga miaka yote. Geuza chapa: ikiwa majani mgongoni ni mekundu na usoni ni rangi ya chai, umeiona hasara kwa macho yako. Na ikiwa mgongo umebandikwa karatasi nyingine, muuzaji ameficha shahidi, kwa kujua au kwa kutojua. Mgongoni pia, mwanga ukipita ubavuni, utaona mikwaruzo ya mviringo ya baren. Ikikosekana kabisa kwenye tandiko kubwa la rangi, tia shaka.

Buluu nayo ina neno lake. Buluu ya Prusia, waliyoiita bero-ai, ilienea katika chapa za mandhari kuanzia kama 1830, nayo ni imara. Kabla yake walitumia zaidi nili na ua la tsuyukusa, na hili la pili hugeuka rangi ya majani makavu likipata mwanga au unyevu. Kwa hiyo anga ya majani makavu kwenye chapa ya karne ya 18 huenda ilikuwa buluu. Kwa Hiroshige wa 1857, buluu iliyofifia pamoja na nyekundu ni dalili kwamba chapa iliishi ukutani muda mrefu. Njano nazo zinatofautiana. Moja wapo ilitokana na manjano yaleyale ya jikoni, na kila aliyemwagikiwa na mchuzi wa manjano kisha akaanika shati juani anajua linakuwaje.

Mwisho angalia bokashi, ule mfifio wa rangi kutoka nzito hadi nyepesi angani au majini. Haukuchongwa. Mpiga chapa aliufanya kwa kulowesha kibao na kufuta rangi kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine. Nakala za mwanzo huwa na bokashi nyingi, pengine hata ndani ya kisanduku cha jina la picha. Soko lilipoitaka picha kwa wingi, mchapishaji alipunguza kazi: mfifio mmoja ukaondolewa, kisanduku kikawa rangi moja. Tandiko bapa mahali ambapo nakala za makumbusho zina mfifio linakuambia nakala yako ni ya baadaye.

Hatua ya 5: Tofautisha kibao kilichochoka na kibao kipya

Kuna nakala za baadaye kutoka vibao vya asili, na kuna nakala kutoka vibao vilivyochongwa upya. Hazifanani, wala bei zake hazifanani.

Kibao cha asili kikipigwa sana huchoka kwenye ncha nyembamba. Majani ya momiji ndiyo kipimo chake: ncha huwa butu, mstari wa mshipa hukatika, kona ya fremu hupata pengo. Kibao kilichochongwa upya hakichoki hivyo. Mistari yake inaweza kuwa mikali kuliko ya asili, ila haipiti mahali palepale.

Fanya hivi. Fungua picha tatu za chapa hiyohiyo kutoka makumbusho: Jumba la Sanaa Nzuri la Boston, Brooklyn Museum ambayo ina mfululizo mzima wa Mandhari Mia, British Museum, au Art Institute of Chicago. Tovuti ya Ukiyo-e.org inazileta pamoja kwa kutafuta kwa picha. Chagua sehemu tano: jani moja lenye umbo la pekee, tawi linapokata fremu, ncha ya paa la hekalu, mpigo mmoja wa sahihi, na kona ya kisanduku cha jina. Linganisha na yako kwa lenzi. Sehemu tano zikilingana lakini mistari imenenepa, kibao ni cha asili na kimechoka. Zikitofautiana hata mbili, kibao ni kingine. Usitumie sehemu za rangi kwa kipimo hiki, maana rangi hubadilika nakala hadi nakala.

Kibao kipya si lazima kiwe ulaghai. Warsha ya Adachi ya Tokyo na Unsodo ya Kyoto hutoa nakala nzuri zilizochongwa na kupigwa kwa mkono, na huziuza kwa jina lake halisi. Anayetaka kujifunza mtandiko wa rangi mbichi anunue moja ya momiji aiweke kando ya chapa zake kuukuu. Itamfundisha mengi kwa bei ndogo. Tatizo ni pale nakala hiyo inapokatwa pambizo yenye alama za warsha, ikapikwa kwenye chai, kisha ikauzwa kama ya 1857. Karatasi iliyopikwa huwa na kahawia sawasawa uso na mgongo, ilhali uzee wa kweli huanzia kingoni. Tochi ya miale ya urujuanimno husaidia pia: karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1950 zina ving'arisho vinavyowaka buluu-nyeupe, jambo ambalo karatasi ya kozo ya zamani, jamaa ya mforsadi, haifanyi.

Kwa shin-hanga, kila mchoraji na ufunguo wake.

Hasui: mchapishaji wake mkuu alikuwa Watanabe Shozaburo. Tetemeko la Kanto la tarehe 1 Septemba 1923 liliteketeza duka lake pamoja na vibao, kwa hiyo Hasui wa kabla ya siku hiyo ni adimu, na vibao vyake kwa kawaida havikupigwa tena. Kwa chapa za baadaye tazama muhuri wa Watanabe. Mihuri mirefu ya pambizoni yenye maneno 版権所有 (haki imehifadhiwa) ni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Muhuri mdogo wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 6, pembeni chini ndani ya picha, ni wa takriban 1946 hadi 1957. Pima kwa rula. Usikisie kwa macho.

Yoshida: tafuta herufi mbili 自摺 (jizuri) kwenye pambizo ya kushoto juu. Zinamaanisha chapa ilipigwa chini ya usimamizi wake mwenyewe. Zikiwepo pamoja na sahihi ya penseli pambizoni chini, ni nakala ya uhai wake. Zikikosekana kwenye kazi aliyoichapisha mwenyewe, ni ya baada ya kifo chake mwaka 1950 mpaka ithibitike vingine. Kazi chache alizomfanyia Watanabe kabla ya tetemeko hazina jizuri, na hilo si dosari.

Koson: alibadilisha jina. Koson ni za mapema, Shoson ni za Watanabe kuanzia 1926, Hoson ni za mchapishaji Kawaguchi. Bata bukini walewale chini ya mwezi wanaweza kuwa wa kipindi chochote kati ya hivyo, na karatasi na rangi zinatofautiana sana. Amua unataka kipi kabla ya kuandika barua ya kununua.

Hatua ya 6: Maswali kabla ya kulipa

Omba picha hizi: uso mzima pamoja na pambizo zote nne, mgongo mzima, kila muhuri kwa karibu ukiwa na rula kando, na picha moja iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni inayoonyesha mikunjo. Uliza ukubwa wa karatasi na wa picha, kila kimoja peke yake. Uliza kama imebandikwa, imewahi kuoshwa, imejazwa matundu, imepakwa rangi. Uliza nakala ilipigwa lini kwa maoni ya muuzaji, na kama atakurudishia pesa ikibainika amekosea. Muuzaji mzuri hujibu kwa mistari minne. Asiyejua mgongo uko wapi, mwache.

Matundu ya wadudu yaliyo pambizoni au kwenye eneo tupu si neno, ila nyekundu iliyopauka haina tiba. Ukilazimika kuchagua kati ya chapa yenye tundu na rangi hai, na nyingine safi iliyokufa rangi, chukua yenye tundu. Mstari wa kahawia kuzunguka picha umeachwa na kadibodi yenye asidi. Fundi wa karatasi anaweza kuupunguza lakini atalipwa, nawe hesabu gharama hiyo kwenye bei. Utepe wa kunata ndio mbaya zaidi: gundi yake huingia kwenye nyuzi na haitoki bila dawa za maabara.

Hatua ya 7: Kusafirisha na forodha

Isafirishwe ikiwa bapa, kati ya kadibodi mbili ngumu zenye ukubwa unaozidi chapa kwa sentimita 5 kila upande, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kuikunja kwenye bomba huvunja rangi nzito, hasa weusi uliosuguliwa wa Yoshitoshi.

Ankara iandikwe wazi: chapa ya asili ya mbao, imepigwa kwa mkono, jina la mchoraji, mwaka. Katika mfumo wa kimataifa wa forodha unaotumiwa pia Afrika Mashariki, chapa za asili huwekwa kwenye kifungu 9702, na zilizopita miaka 100 ni 9702.10. Bila maelezo, afisa anaweza kuiweka kwenye 4911 pamoja na mabango ya kawaida. Uamuzi ni wake, lakini ankara nzuri hupunguza safari za kwenda ofisini.

Hatua ya 8: Kuitunza, hasa ukiishi Pwani

Mikono iwe imeoshwa na kukauka. Shika kwa mikono miwili. Glavu za pamba huzuia vidole kuhisi karatasi, na ndizo huleta michaniko. Andika karibu nayo kwa penseli tu.

Mombasa, Unguja, Dar es Salaam: adui ni hewa. Ukungu huanza kustawi unyevu ukipita asilimia 65 hivi, na miji hii hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Lenga 45 hadi 55. Weka chapa ndani ya kunjo la kadibodi ya pamba isiyo na asidi, moja kwa kila chapa, kisha kwenye sanduku la plastiki lenye mpira wa kuziba, na chembe za silika ndani yake pamoja na kipima unyevu kidogo. Chembe zinazobadilika rangi ni bora, unajua lini uzikaushe tena kwenye oveni. Usizibe chapa ndani ya bahasha ya plastiki peke yake. Unyevu ulioingia nayo hautoki. Usitumie naftalini wala kafuri ndani ya sanduku. Lisikae sakafuni wala likagusa ukuta wa nje. Uji wa mchele na gundi iliyopakwa kwenye karatasi pamoja na shabu ni chakula cha wadudu, kwa hiyo fungua sanduku kila mwezi.

Kwa kuning'iniza: kadibodi ya dirisha yenye unene wa kutosha ili kioo kisiguse chapa, kioo cha kuzuia urujuanimno, na chapa ishikwe kwa vibawaba viwili tu vya karatasi nyembamba ya Kijapani upande wa juu, kwa gundi ya wanga wa ngano. Ukishika pande zote nne, karatasi ikivimba kwa unyevu itakunjamana kwa kukosa pa kwenda. Mwanga usizidi lux 50. Simu nyingi zina programu ya kukadiria. Kioo hakimalizi tatizo, kwa sababu beni hufa hata kwa mwanga wa kawaida. Itundike miezi mitatu, kisha irudi gizani miezi tisa. Septemba hadi Novemba ndiyo miezi yake. Ikishuka, tundika ya theluji.

Kila chapa iwe na kadi yake: mchoraji, jina, mfululizo, mchapishaji, mwaka wa kibao, makadirio ya mwaka wa nakala na sababu ya makadirio hayo, vipimo kwa milimita, mihuri yote, dosari, bei, tarehe. Ongeza picha mbili, uso na mgongo, zilizopigwa siku ilipofika, kwenye mwanga uleule utakaoutumia kila mwaka, zikiwa na kipande cha kadi ya rangi kando. Mwaka ujao piga tena na ulinganishe majani.